Upokezi maana yake nini? Tuanzie kwenye kanga

Mamdogo wangu alipita Darajani akaipenda kanga kwa rangi yake tu, akachukua doti, jina lake MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE, akaivaa harusini Kikwajuni. Bi mkubwa, yaani mke mwenzake, naye alikuwepo, kaisoma mgongoni, basi hawakusemeshana miezi mitatu.

Sasa hebu niambie, kile kijembe kimetoka wapi? Aliyeichapa kiwandani hawajui hawa wawili, na mamdogo anaapa hakukusudia kitu. Kimetoka kwa aliyesoma, na alisoma na machungu yake ya miaka. Ndo hiko wasomi wa fasihi wanachokiita upokezi: maana ya shairi, wimbo au picha haimalizikii kwa mtunzi, inakamilika kwa anayeipokea, na huyo anakuja na umri wake, imani yake, mpaka aliyoyasikia jana kibarazani.

Mwaka 1967 Hans Robert Jauss, wa chuo kikuu cha Konstanz kule Ujerumani, alieleza kuwa msomaji hafungui kazi akiwa mtupu, ana upeo wa matarajio, yaani yale anayoyategemea kwa sababu ya aliyoyasoma kabla, ndo maana kitabu kimoja wazee wetu wakakisoma hivi na sisi tukakisoma vingine. Mwaka huohuo Roland Barthes, Mfaransa, akenda mbali zaidi, akamvua mwandishi kauli ya mwisho kabisa.

Wapenzi wa taarab Unguja hili wanaliishi. Mwimbaji yuko kwenye ubeti wa ua na nyuki, mwanamke mmoja anainuka, noti kaishika juu, anakwenda kutunza lakini anazunguka makusudi apite mbele ya kiti cha fulani, polepole, midomo inaufuata ule mstari, ukumbi mzima vigelegele! Dakika zile wimbo ni wake, mtunzi hana lake pale, na wiki ijayo uleule atautunza mama anayemuoza mwanawe na hakuna atakayeona fumbo.

Ila mie sikubaliani na wanaosema basi kila mtu na maana yake. Ile kanga ingeandikwa HONGERA MWANANGU bi mkubwa asingepata pa kushikia, maneno nayo yana mipaka yao.

Siku hizi kanga ileile imechakaa, binti wa mamdogo kaifanya mbeleko, anambebea mtoto kila asubuhi, na bi mkubwa ndo anayemfungia lile fundo.