Je, wajua kwa nini hakimu wa Mbeya hawezi kumpa mbakaji miezi sita?

Juni 2, 2016, Jaji Aaron Persky wa jimbo la California, Marekani, alimhukumu kijana wa miaka 20 kwenda jela miezi sita. Kijana huyo, Brock Turner, alikuwa mwanafunzi na muogeleaji wa Chuo Kikuu cha Stanford. Usiku mmoja wa Januari 2015, baada ya sherehe ya wanachuo, wanafunzi wawili raia wa Sweden waliokuwa wakipita na baiskeli walimkuta karibu na jalala, akiwa juu ya msichana aliyelala chini bila fahamu. Alipowaona akatimua mbio. Wakamfukuza, wakamkamata, wakamshikilia mpaka polisi walipofika. Machi 2016 jopo la raia 12 lilimtia hatiani kwa makosa matatu. Sheria iliruhusu hadi miaka 14 gerezani, na mwendesha mashtaka aliomba miaka sita. Turner aliandikishwa maisha yake yote katika daftari la wakosaji wa ngono, lakini jela alikaa miezi mitatu tu, akatoka Septemba kwa punguzo la tabia njema.

Watu walichachamaa. Majaji wa ngazi ile California husimama kwenye uchaguzi, na wapiga kura wana haki ya kumwondoa jaji kabla muda wake haujaisha. Kampeni ikaanza, na Juni 5, 2018 wananchi wa kaunti ya Santa Clara wakamng'oa Persky kwa kura. Jimbo hilo halikuwa limemwondoa jaji kwa njia hiyo tangu mwaka 1932.

Ukiisimulia habari hii kwa wanachuo wa Iyunga hapa Mbeya, au wale wa Mkwawa kule Iringa, utaulizwa swali moja: na kwetu ingekuwaje? Jibu la kisheria ni fupi, lakini haliridhishi mpaka uelewe watu wale walikasirikia nini hasa.

Haikuwa miezi sita peke yake. Tume inayosimamia mwenendo wa majaji ilipitia malalamiko, na Desemba 2016 ikasema haikuona kwamba Persky alikiuka maadili ya kazi yake. Hukumu ilikuwa halali. Sheria ilimwachia nafasi ya kushuka mpaka pale, naye akaitumia. Kilichowachoma watu ni sababu alizozitoa. Alisema mahakamani kwamba gereza lingemwathiri vibaya kijana yule, na kwamba hakumwona kuwa hatari kwa wengine. Kabla ya hapo, baba wa kijana alikuwa ameiandikia mahakama barua akisema gereza ni gharama kubwa mno kulipia "dakika 20" katika maisha ya miaka zaidi ya 20.

Na msichana? Naye alikuwa amezungumza. Alisoma mbele ya mahakama maelezo yake marefu, ya maneno zaidi ya 7,000, akimwelekea kijana ana kwa ana. Maelezo hayo yalipochapishwa mtandaoni yalisomwa na mamilioni ya watu ndani ya siku chache. Humo alieleza kwamba mengi ya yale aliyotendewa aliyajua akiwa kazini, akisoma habari kwenye simu. Habari ileile iliyoanika mwili wake ilimalizia kwa kutaja muda wa kijana katika mashindano ya kuogelea. Wakati huo alijulikana kwa jina la kubuni. Mwaka 2019 aliamua mwenyewe kujitambulisha kuwa ni Chanel Miller.

Kwa hiyo watu waliona wazi kwamba mahakama ilijadili maisha ya mbele ya mtu mmoja. Medali zake, masomo yake, hamu ya chakula iliyompotea. Ya msichana, ambaye naye alikuwa na kazi na usingizi, hayakupewa uzito huo. Wengi waliongeza kwamba kijana maskini, au mweusi, asingepata jaji wa kumwonea huruma namna ile. Wapo waliopinga kura ya kumng'oa jaji, wakiwemo mawakili wanaowatetea watu wasio na uwezo. Waliogopa kwamba majaji wakianza kuhofia hasira za umma, watakaoumia kwanza ni hao hao maskini. Hofu hiyo ninaiheshimu. Hata hivyo Septemba 2016 sheria ya California ilibadilishwa, na anayemshambulia kingono mtu aliyepoteza fahamu hakwepi tena gereza.

Sasa tuje kwetu. Njia ambayo California iliifunga 2016, Tanzania iliifunga mwaka 1998, Bunge lilipopitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ile ambayo wanasheria wanaiita SOSPA. Kabla yake adhabu ya juu ya kubaka ilikuwa kifungo cha maisha, lakini hapakuwa na kiwango cha chini, na hakimu aliweza kushuka alivyoona yeye. Tangu hapo, kifungu cha 131 cha Kanuni ya Adhabu kinataka mtu mzima aliyetiwa hatiani kwa kubaka asipewe chini ya miaka 30, na alipe fidia kwa aliyemtendea. Kubaka kwa kundi ni kifungo cha maisha. Ndicho walichopewa Septemba 30, 2024 na mahakama ya Dodoma washtakiwa wanne wa ile kesi ya binti ambaye video ya kubakwa kwake ilisambazwa na kuitikisa nchi mwezi uliotangulia.

Kosa la Turner lenyewe, kwa kuwa alitumia vidole, sheria ya California ya wakati ule haikuliita kubaka. Kwetu pia lingeangukia kifungu kingine, cha unyanyasaji mkubwa wa kingono, na hata hicho hakishuki chini ya miaka 15. Hakimu wa Mbeya akimwandikia mtu huyo miezi sita atakuwa ametoa adhabu batili, na mahakama ya juu itairekebisha. Upenyo uliobaki katika sheria ya 1998 ni wa umri: mvulana wa miaka 18 au chini, kwa kosa la kwanza la kubaka, huchapwa viboko tu. Kwa mwanachuo wa mwaka wa kwanza aliyeanza shule mapema, hilo si jambo la mbali.

Hata katika ushahidi, sheria yetu haiko nyuma. Haidai majeraha ili kuthibitisha kwamba mwanamke hakuridhia. Ridhaa aliyoitoa baada ya kuleweshwa na mwanaume huyo, au na mtu mwingine, si ridhaa. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa unatoka kwa aliyebakwa mwenyewe, ingawa baadaye mahakama zimekumbusha kuwa maneno yake nayo yapimwe.

Kwenye karatasi, basi, binti wa chuo hapa Mbeya analindwa kuliko alivyolindwa yule wa Stanford. Mbona basi mtaani bado tunasikia "alibaka, wakamalizana, yupo tu anasoma"?

Chukua mfano wa binti wa mwaka wa pili, kwao Kigoma, anapanga chumba Ikuti. Aliyemtenda anasoma naye. Siku ya tatu kinakaliwa kikao kwenye sebule ya mama mwenye nyumba: mwenye nyumba mwenyewe, mjumbe, mwakilishi wa darasa, na baba mdogo wa kijana aliyefika asubuhi kutoka Tukuyu. Hakuna anayemfokea binti. Wanamwita mwanangu. "Mwanangu, huyu mwenzako yuko mwaka wa tatu, amebakiza mitihani tu. Ukimpeleka polisi ni miaka thelathini, atatoka mzee. Utakuwa umemuua." Mama mwenye nyumba anaongeza kwa sauti ya upole, "Na wewe jina lako litatembea chuo kizima, mama." Baba mdogo anaahidi kwamba familia itafunga safari kwenda kuwaona wazazi wake, na mezani inabaki bahasha ya khaki. Binti bado hajazungumza, na hakuna aliyemuuliza analalaje.

Maneno ya kikao hicho ni yale yale ya Jaji Persky: gereza litamharibu kijana. Ila Persky aliyatamka mahakamani, yakaandikwa, yakasomwa na dunia, na watu wakawa na kitu cha kukishika na kukikasirikia. Ya sebuleni hayana kumbukumbu. Hayana jalada wala hukumu ya kukatia rufaa. Huruma ambayo sheria ilimnyang'anya hakimu mwaka 1998 ilihamia kwa wazee wa kikao, na huko hakuna mwandishi wa habari.

Tena ukubwa wa adhabu wenyewe ndio unaotumika kumbana binti. Nasema hivi nikijua kuna watakaodhani nataka miaka 30 ipunguzwe. Sitaki. Ninachosema ni kwamba ile namba, iliyowekwa ili imtishe mbakaji, kwenye kikao inageuzwa kumtisha binti, naye anabebeshwa lawama ya kumfunga mtu kana kwamba ndiye hakimu.

Akijikaza akaenda polisi, siku zimeshapita na nguo zimeshafuliwa. PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, inajazwa, anapimwa, daktari anaandika kile ambacho bado kinaonekana. Upelelezi ukilegea, hati ya mashtaka inaweza kubeba kosa dogo zaidi, shambulio la aibu, ambalo lina nafasi ya faini na halina kiwango cha chini. Kisha kesi inapigwa kalenda. Mashahidi wanakuja, hakimu ana udhuru. Hakimu yupo, wakili wa Serikali anasimama na kusema, "Mheshimiwa, shahidi hajafika." Hajafika kwa sababu chuo kimefungwa na yuko Kigoma, na nauli ya kuja Mbeya kwa tarehe ambayo huenda ikaahirishwa tena hana wa kumpa. Baada ya maahirisho ya kutosha mshtakiwa anaachiwa. Mtaani wanasema hakimu kahongwa, wakati hakimu hakuwa na shahidi wa kumsikiliza.

Kuna eneo moja ambalo kwetu sheria yenyewe ni laini, nalo linawagusa wanachuo kuliko yote: mhadhiri anayetaka mwili wa mwanafunzi ili ampe maksi. Chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, rushwa ya ngono adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Soma tena neno "au". Mhadhiri aliyemkalisha binti mihula miwili akirudia somo lile lile mpaka akubali kwenda nyumba ya wageni anaweza kulipa faini na kurudi kwake jioni, na hakimu aliyempa adhabu hiyo atakuwa hajakosea popote. Hukumu ya namna hiyo ikitoka, watu hukasirika na kumtukana hakimu. Nawaelewa, lakini neno lile aliliandika Mbunge, na Mbunge ndiye tunayempigia kura sisi. Mahakimu wetu hawachaguliwi na wananchi, nidhamu yao iko chini ya Tume ya Utumishi wa Mahakama, na sitamani tuwe na kura za kuwang'oa.

Ambacho wengi hawakijui ni kwamba adhabu ndogo inaweza kukatiwa rufaa na upande wa mashtaka. Mkurugenzi wa Mashtaka ana siku 30 tangu hukumu itolewe kutoa kusudio lake la kwenda Mahakama Kuu. Siku hizo ni chache. Wanaharakati, serikali za wanafunzi na madawati ya jinsia ya vyuo wakizitumia kuandika barua ofisi ya mashtaka ya mkoa, yenye namba ya kesi na tarehe ya hukumu, watakuwa wamefanya kazi kubwa kuliko kujaza hasira kwenye makundi ya simu kwa wiki nzima.

Na yule aliyeachiwa kwa sababu shahidi hakufika, hakushinda kesi. Kuachiwa kwa namna ile hakuzuii kushtakiwa upya kwa kosa lile lile. Binti wa Kigoma akirudi muhula ukifunguliwa, na mtu akamlipia nauli, na mpelelezi akalitafuta jalada, kijana anaweza kuitwa tena kizimbani, hata kama ameshavaa joho na kupata ajira.