Cheti cha kuzamia hakidai ununue vifaa vyote

Watu wengi wa pwani, kuanzia Nungwi hadi Watamu, wamekua wakiamini kuwa huwezi kupata cheti cha kuzamia kwa mtungi wa hewa bila kwanza kununua vifaa vyote. Imani hiyo ina sababu: ukimwona mzamiaji akijitosa kutoka botini, kavaa kila kitu mwilini, unadhani ni mali yake.

Mara nyingi si yake. Katika kozi ya mwanzo, inayomruhusu mtu mzima kuzama hadi mita 18, mtungi, fulana ya kuelea na kifaa cha kupumulia huwa vya kituo cha kuzamia. Kinachofaa kununuliwa mapema ni miwani ya kuzamia, ile inayofunika macho na pua, maana nyuso hazilingani. Ijaribu dukani: iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua, achia mikono. Ikishika, imekukaa.

Zinazoumiza familia ni gharama zisizotajwa: boti, kitabu, kadi ya cheti yenyewe, ada ya hifadhi ya bahari. Omba bei ya jumla kwa maandishi kutoka vituo viwili vitatu, ulinganishe. Uliza pia kama nadharia na mazoezi ya bwawani yanaweza kufanyika karibu na nyumbani. Siku za malazi hupungua.

Mimi nisingebana fedha kwenye jambo moja: mwalimu. Bei ikiwa ya chini mno, uliza mtakuwa wanafunzi wangapi majini kwa mwalimu mmoja. Na dodoso la afya lijazwe kwa ukweli, hata likikupeleka kwa daktari.