Kuchimba na kujaza: programu ya kukokotoa udongo hufanya nini, na uchague ipi

Kabla nyumba, barabara au bwawa havijajengwa, ardhi husawazishwa: palipoinuka huchimbwa, palipobonyea hujazwa. Hesabu ya kuchimba na kujaza hutaka kujua udongo kiasi gani utatoka, kiasi gani utaingia, na kama ule unaotoka utatosha kujazia. Ukipungua utanunua kifusi. Ukizidi utalipia malori ya kwenda kuumwaga. Bajeti nyingi za ujenzi huanza kuvuja hapa, msingi ukiwa bado haujachimbwa.

Programu zote za kazi hii, za bure na za gharama, hulinganisha nyuso mbili: ardhi ilivyo sasa na ardhi itakavyokuwa. Nafasi iliyo kati ya nyuso hizo ndiyo ujazo.

Chukua kiwanja cha mita 30 kwa 20 kinachoteremka kwa urefu wake, kutoka kimo cha mita 102 hadi 99. Unataka kukisawazisha chote kwenye 100.5. Nusu ya juu inatoa pembetatu yenye urefu wa mita 15 na kimo cha mita 1.5. Zidisha 15 kwa 1.5, gawa kwa 2, kisha zidisha kwa upana wa 20: mita za ujazo 225 za kuchimba. Nusu ya chini nayo inataka 225 za kujaza. Kwenye karatasi, mizani imekaa sawa.

Kiwanjani haikai hivyo. Udongo ukichimbwa huvimba, na ukishindiliwa hukaa chini kuliko ulivyokuwa mwanzo. Tuseme huu wa kwetu huvimba kwa asilimia 25 na hupungua kwa asilimia 10 baada ya kushindiliwa. Viwango hivi hutofautiana kati ya mchanga, mfinyanzi na mwamba, na vipimo vya maabara ndivyo vya kuaminiwa. Zile 225 zikipakiwa kwenye tipa zinakuwa kama 281, yaani safari 29 za tipa la mita za ujazo 10. Zikishindiliwa zinabaki kama 202, na shimo lako bado linadai 23. Dawa yake ni kushusha usawa wa kumalizia kwa sentimita 4 tu: unachimba 237, zinashindiliwa hadi 213, na panapojazwa panahitaji 213.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa programu yoyote ni hili: je, inaniruhusu kuweka kiwango changu cha kuvimba na cha kupungua, na inaniambia waziwazi kama ujazo inaoutoa ni wa udongo ukiwa ardhini, ndani ya lori, au umeshashindiliwa? Mkandarasi na mwenye mradi wanaweza kugombana mwezi mzima huku kila mmoja ana namba sahihi, ila mmoja anahesabu shimo na mwenzake anahesabu malori.

La pili ni jinsi inavyojenga uso wa ardhi. Nyingi huunganisha vipimo vya mpima kwa pembetatu. Mtaro ukipita katikati na hukuiambia programu kwamba kingo na kitako chake ni mistari ya kufuatwa, pembetatu zitapita juu ya mtaro kana kwamba umefunikwa kwa ubao, na ujazo wa mtaro utapotea. Programu isiyokuwezesha kuichora mistari hiyo, au kuzitazama pembetatu zenyewe na kuzirekebisha, sikushauri uilipie.

Halafu kuna vipimo vyenyewe. Kosa la sentimita 1 kwenye hekta nzima ni mita za ujazo 100. Sasa fikiria wanaochukua vimo vya setilaiti kutoka mtandaoni na kuvikokotolea kiwanja. Data za SRTM, yaani vimo vya dunia vilivyopimwa kwa rada kutoka angani Februari 2000, zina nukta moja kwa kila mita 30 hivi, na kosa la kimo huweza kufika mita kadhaa. Zinafaa kuchagua njia ya barabara, hazifai kulipia kifusi. Wanaotumia droni nao waangalie kimo kimehesabiwa kutoka wapi: GPS hutoa kimo juu ya umbo la kihesabu la dunia, wakati michoro hutumia usawa wa bahari. Kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki tofauti ya viwili hivyo inapita mita 20. Uso mmoja ukiwa wa aina hii na wa pili wa aina ile, jibu halina maana yoyote.

Kuhusu majina, uamuzi ufuate kazi. Kiwanja kimoja chenye umbo rahisi, jedwali la Excel au LibreOffice lenye gridi ya vimo linatosha, na kila hatua unaiona. QGIS, programu ya ramani, ni ya bure. Inakokotoa vizuri tofauti ya uso mmoja na mwingine ukiwa na data za droni, lakini haikusanifii barabara. Mkadiriaji anayepokea michoro ya PDF pekee atafanya haraka zaidi kwa Kubla Cubed au AGTEK. Barabara, reli na mabwawa, ambako usanifu hubadilika na ujazo lazima ubadilike nao, ndiko Civil 3D, programu ya usanifu ya Autodesk, inakostahili ada yake ya kila mwaka.

Kabla ya kulipa, omba muda wa majaribio na uingize kile kiwanja cha mita 30 kwa 20. Isipokupa 225 kwa 225, tafuta sababu kwanza. Kisha hakikisha inaweza kuhamisha nyuso zako kwa LandXML (aina ya faili ambayo programu nyingi za upimaji huisoma), na pointi kwa CSV (jedwali la maandishi ya kawaida), ili mpima wa upande wa pili azifungue kwenye programu yake na kuhesabu upya malipo yakibishaniwa.