Mkaratusi na Mafua: Maswali na Majibu

Je, kila mkaratusi ni dawa?
Hapana. Kuna aina zaidi ya 700, karibu zote za Australia. Inayosifika kwa dawa ni globulus, ya Tasmania na Victoria, ambayo mafuta yake yana sineoli nyingi, ndiyo yenye ile harufu inayopenya puani. Grandis, inayopandwa sana kwetu kwa nguzo na kuni, ina sineoli kidogo. Globulus itambue kwa machipukizi: majani ya mviringo, yamekaa mawili mawili bila kikonyo, yana unga wa buluu-nyeupe unaofutika kwa kidole. Yakikomaa hurefuka na kupinda kama mundu.

Kujifukiza kunatibu mafua?
Hakutibu, wala mvuke hauui virusi. Sineoli huamsha neva zinazohisi baridi, ukaona hewa inapita hata kama uvimbe wa pua uko palepale. Ni nafuu ya muda, na si haba usiku pua inapoziba.

Nifanyeje?
Chemsha maji, ipua, subiri dakika chache. Mimina nusu lita kwenye bakuli zito lenye kitako kipana, lililo mezani; si mapajani, si kitandani. Tia konzi ya majani yaliyopondwa, au matone 3 ya mafuta. Fumba macho, uso uwe mbali sentimita 30 hivi, dakika 5 hadi 10. Kifua kikibana, acha mara moja. Wenye pumu huweza kuchochewa na harufu kali. Watoto wasifukizwe kabisa: ajali kubwa hapa ni sufuria kupinduka, na blanketi humzuia mtu kukimbia.

Mafuta ya chupa yananyweka?
Usithubutu. Kilo nzima ya majani hutoa mafuta kidogo tu, kwa hiyo chupa si chai ya majani. Kijiko kimoja cha chai, mililita 5, kinaweza kumtia mtoto degedege na kumpotezea fahamu. Akimeza, usimtapishe, maana mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali, na chupa uibebe.

Na kupaka?
Matone 2 kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, kifuani au mgongoni, kwa mtu mzima. Mtoto mchanga asipakwe usoni wala karibu na pua: koo linaweza kubana ghafla.