Kabla ya Kutafuna Polepole, Kula Kwanza

Wengi wanaonijia kwa ushauri wa lishe wameshasikia habari za kula kwa utulivu: tafuna taratibu, weka simu mbali, sikilizia ladha ya kila tonge. Wamejaribu, imewashinda, na sasa wanajilaumu kwamba hawana nidhamu. Mimi huanza na swali jingine kabisa: leo umekula nini tangu uamke? Mara nyingi asubuhi wameruka, mchana wamejibana, halafu usiku, njaa ikiwa imewapanda kichwani, ndipo wanataka kutulia mbele ya sahani. Haiwezekani, na kosa si lao.

Miaka ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, wote wenye afya njema ya mwili na akili. Baada ya miezi kadhaa, chakula ndicho kilichotawala mawazo yao. Walisoma vitabu vya mapishi, wakaota chakula, wakalamba sahani. Hata waliporuhusiwa kula tena, wapo waliokula kupita kiasi na bado wakasema hawajashiba. Njaa ndiyo iliyowafikisha huko.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ninayoagiza ni milo ya kutosha, kwa saa zinazoeleweka, kila siku. Wengi hushtuka, maana wanaogopa kunenepa. Naielewa hofu hiyo, lakini sijaona namna ya kuiruka hatua hii.

Mwili ukishaamini kwamba chakula kipo, utulivu unawezekana. Tumbo linapotanuka, neva hupeleka habari kwenye ubongo. Chakula kikifika kwenye utumbo mwembamba, homoni za shibe nazo huachiliwa. Shughuli hiyo huchukua kama dakika 20, hivyo anayemaliza sahani kwa dakika tano huwa ameshakula kabla shibe haijajitangaza. Katikati ya mlo, weka kijiko chini ujiulize: je, ladha bado ni tamu kama ilivyokuwa mwanzo? Nalipenda swali hili kuliko "umeshiba?", kwa sababu aliyejinyima kwa miaka huenda hajui tena shibe ikoje, ila ladha inapofifia huihisi. Na hufifia kweli: utamu wa chakula kilekile hupungua kadiri unavyokila.

Wapo wanaokula kwa huzuni, upweke au uchovu. Siwakatazi. Nawaomba tu waseme kimoyomoyo, "Nakula kwa sababu nina huzuni," kisha waketi wale bila kujificha. Aibu ndiyo inayomrudisha mtu kwenye kujinyima kesho yake, na kujinyima humrudisha kwenye kula kupita kiasi.

Kuhusu uzito, sitoi ahadi. Tafiti zinaonyesha njia hii huwasaidia wanaokula kupita kiasi kwa mikupuo, lakini matokeo yake kwenye kupunguza uzito hayafanani. Anayejitapisha baada ya kula, au anayeogopa chakula kiasi cha kudhoofika, anahitaji daktari na mshauri wa saikolojia kwanza. Na anayetumia insulini asiahirishe mlo eti anasubiri kuhisi njaa. Sukari inaweza kushuka ghafla, kwa hiyo afuate ratiba aliyopangiwa na daktari wake.