Acheni mwavuli nyumbani mkija bonde la Rhône

Juzi tena. Mgeni kashuka kwenye treni hapa Sion, bondeni mwa mto Rhône, Julai, jua linachoma, yeye ana mwavuli na gamboti. "Si milima ya Alpi hii? Si mvua kila siku?" Nimechoka, jamani.

Sion, makao makuu ya jimbo la Valais nchini Uswisi, hupata karibu milimita 600 za mvua kwa mwaka. Haipishani sana na Dodoma, hiyo hiyo mnayoiita kame. Kaskazini kuna Alpi za Bern, kusini Alpi za Pennine, kote vilele vinapita mita 4,000. Mawingu humwaga mzigo upande wa nje; yakifika kwetu yamebaki matupu. Vilima vya mjini vimeota mipungate, na mteremko unaotazama kusini ni mizabibu mitupu.

"Na barafuto je, ile mito ya barafu milimani?" Maji yake yanapita chini kwenye makorongo, mashamba yako mteremkoni. Basi wakulima wakafanya kama Wachagga na mifongo yao: walikinga vijito juu kabisa, wakayatembeza maji kilomita nyingi kwa mfereji uitwao bisse. Penye jabali wakatundika mfereji wa mbao. Maji yalizungusha gurudumu dogo lenye nyundo, ko, ko, ko, usiku kucha. Nyundo ikinyamaza, mlinzi aliruka kitandani, maana mfereji umeziba au umebomoka. Zamu za kumwagilia zilichanjwa kwenye vijiti. Mkija kwangu, nawatembeza kando ya bisse kwanza, picha za theluji baadaye. Leteni kofia na chupa ya maji.

Eti kazi ya huku ni jibini na saa? Saa ni za milima ya Jura, si za huku. Hapa umeme wa maji ndio ulioita viwanda: Lonza, kampuni ya kemikali, ilianzia kijiji cha Gampel mwaka 1897, na kijiji cha Chippis kikaanza alumini 1908. Na kiambato cha chanjo ya UVIKO-19 ya Moderna kilitengenezwa Visp, humu humu bondeni.

Eti bwawa hujazwa na mto wake? Bwawa letu la Grande Dixence, ukuta wa mita 285 kwenda juu, hukusanya maji ya barafuto 35 kwa mahandaki ya kama kilomita 100, mengine yakipandishwa kwa pampu.

Eti mto ulionyooshwa haufuriki? Rhône ulianza kunyooshwa 1863. Juni 2024 uliingia viwandani Chippis.