Mizania ya virutubisho: shamba limepewa nini, limetoa nini

Mizania ya virutubisho ni hesabu ya kile shamba lilichopewa kwa msimu au mwaka, ukitoa kile kilichoondoka. Vinavyoingia ni mbolea ya dukani, samadi, naitrojeni inayonaswa hewani kwenye mizizi ya maharage na jamii yake, na kidogo kinacholetwa na mvua. Vinavyotoka ni mazao, na mabua pia kama yanaondolewa. Jibu huandikwa kwa kilo kwa hekta, kila kirutubisho na hesabu yake.

Chukua ekari moja ya mahindi Kahe, tambarare ya Moshi. Mkulima kaweka mfuko mmoja wa urea wa kilo 50. Urea ni naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo ameingiza kilo 23. Akivuna magunia 15 ya kilo 100, punje zimeondoka na kilo 22 na ushei, maana tani moja ya punje hubeba takriban kilo 15. Mpaka hapo ngoma droo. Lakini mabua nayo hupakiwa kwenye gari yakapandishwa Marangu au Kibosho kulisha ng'ombe wa ndani. Tani moja na nusu ya mabua ni karibu kilo 10 nyingine za naitrojeni, na potasiamu kuzidi ile ya punje. Tena urea iliyomwagwa juu bila kufukiwa, sehemu yake huruka kama gesi ya amonia.

Samadi ya ng'ombe wale haishuki tena Kahe. Inaishia kihambani, yaani shamba la nyumbani huko mlimani, kwenye mashina ya migomba na kahawa. Rutuba ya tambarare inapanda mlima, mwaka hadi mwaka.

Ndiyo maana ramani ya mizania ina kazi kubwa, ila ichorwe kwa ukanda na aina ya shamba. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, hutoa takwimu za kila nchi kuanzia 1961, na hizo zinafaa kulinganisha Tanzania na Uholanzi. Ukichanganya kihamba chenye ziada na tambarare yenye upungufu, wastani wa wilaya unaweza kukaribia sifuri, na Kahe ikaachwa iendelee kuchoka. Wastani wa namna hiyo mimi siukubali kabisa.

Ufanisi wa matumizi ni hesabu jirani: kilichotoka na mazao, gawanya kwa kilichoingia. Kwa ekari yetu, ukihesabu na mabua, ni karibu asilimia 140. Isikufurahishe, kinachozidi 100 kinatoka kwenye akiba ya udongo. Jopo la wataalamu wa naitrojeni la Ulaya lilipendekeza kati ya 50 na 90. Chini ya hapo mbolea nyingi inapotelea kwenye maji na hewa.

Fosforasi ina tabia yake. Udongo wa volkano wa Kilimanjaro na Meru huweza kuishika kwa nguvu, mizania ikaonyesha ziada huku mmea hauipati. Hapo lazima udongo upimwe.